Njia Inayomngoja Mgeni Rasmi

Haya, wewe unayesoma, sogea karibu, nakutegea. Shamba langu limelimwa likalimika, limepigwa mstari mwekundu pembeni, limewekewa mlinzi mwenye filimbi. Mvua ikinyesha halioti, jua likiwaka halikauki, na mwenye njaa akilikaribia anafukuzwa. Ni nini hilo?

Fikiri. Si kaburi. Si benki, ingawa hapo umekaribia.

Umeshindwa? Basi nipe mji. Au hapana, mji kaa nao mwenyewe, una foleni. Jibu ni Njia Maalumu ya Mabasi, nami natangaza kwa heshima na taadhima kwamba hakuna njia katika jiji letu iliyofanikiwa kama hiyo. Tangu ikamilike haijapata ajali hata moja. Haina shimo. Haijawahi kuwa na msongamano. Hakuna basi lililoharibikia humo, wala abiria aliyeibiwa humo, wala dereva aliyetukana humo. Mafanikio yote hayo tumeyapata kwa mbinu moja tu: hakuna basi lililoruhusiwa kuingia.

Nayajua haya kwa sababu mimi ni mjumbe. Beji ninayo, naivaa hata nikienda kisimani. Imeandikwa: Kamati ya Kudumu ya Muda ya Kusimamia Uzinduzi wa Njia Maalumu ya Mabasi, Mjumbe, Upande wa Watumiaji. Herufi zimekuwa ndogo kidogo ili zitoshe, lakini cheo hakisomwi kwa macho, kinasomwa kwa mwendo.

Nilivyoteuliwa ni hivi. Nilikwenda ofisi za jiji kulalamika kwa ajili ya kitinda mimba wangu. Binti yangu huyu, ambaye sote nyumbani twamwita Kitinda, anafua mashuka katika hospitali kuu. Mashine za kule huwashwa asubuhi zote kwa pamoja, na asiyekuwepo zikiwashwa, mwenzake hubeba mzigo wa wawili. Basi lake lilikuwa likikwama barabarani kila siku ya Mungu. Msimamizi wake, mama mpole lakini aliyechoka, akamwambia, "Dada, nimekuvumilia, nimekufunika, sasa shuka yenyewe imeisha. Ukija kuchelewa tena, usijisumbue kupanda ngazi." Na Kitinda ana watoto wawili ambao baba yao ni wa kusimuliwa tu.

Basi nikakaa kwenye benchi la wanaosubiri, mimi na wengine. Mlango ukafunguka, akatoka bwana mwenye tai na tumbo la ngazi ya mkurugenzi. Akatutazama wote, akauliza, "Nani hapa anapanda basi?"

Nikanyoosha mkono, kama darasani.

"Ingia, mama," akasema. "Akidi ilikuwa inakosa mtu wa aina yako."

Huyo ndiye Mwenyekiti wetu. Nilikuwa nimekwenda na malalamiko, nikatoka na beji. Serikali ikikupenda, hukupa usichoomba.

Kazi ya kamati ilikuwa moja. Njia ilikwisha kujengwa, ikapakwa rangi, vituo vikaezekwa. Kilichobaki ni kuzinduliwa, na jambo halizinduliwi bila Mgeni Rasmi kukata utepe. "Kitu kisichozinduliwa," Mwenyekiti alinielimisha, "ni kama mtoto asiyepewa jina. Yupo, analia, lakini utamwitaje?" Nikaona kweli, utamwitaje.

Tatizo lilikuwa dogo tu. Mgeni Rasmi wetu, ambaye kwa heshima namwita Mkubwa, anaishi kilimani, mbele ya mtaa wetu. Utepe ulifungwa kule mjini, njia inapoishia, mbele ya hospitali kuu, mahali penye kivuli cha kutosha mahema. Barabara ya kutoka kilimani hadi mjini ni hiyo hiyo moja. Na ili kupata nafasi ya njia ya mabasi, wahandisi waliimega barabara hiyo upande mmoja, magari yote yakabanwa upande wa pili. Kwa hiyo foleni iliyokuwa ndefu ikawa ndefu na nyembamba.

Siku ya uzinduzi ya kwanza Mkubwa alikwama kwenye foleni, sherehe ikaahirishwa. Siku ya pili akaondoka alfajiri, lakini waalikwa wote nao wakaondoka alfajiri ili wamuwahi, wakakwama naye. Siku ya tatu tukampa king'ora. Kikalia kwa bidii sana. Kila gari lilitamani kumpisha, lakini limpishe liende wapi?

Katika kikao kilichofuata niliomba nafasi, nikawategea wajumbe: "Kila mtu anamngoja yeye, naye anangoja pamoja nao. Ni nani?"

Mwenyekiti akatafakari. "Kitendawili hicho kiwekwe kwenye Mengineyo."

Mengineyo ni mahali pazuri mwishoni mwa kikao. Sijafika.

"Lakini Mwenyekiti," nikasema, "njia si ile pale, nyeupe, tupu? Mkubwa apite humo, afike, akate utepe, mambo yaishe."

Wakanitazama kama mtoto aliyeuliza kwa nini bwana harusi asihamie kwa mkewe kabla ya ndoa.

"Mama," Mwenyekiti akasema kwa upole, "atapitaje kwenye njia ambayo hajaizindua?"

Hata hivyo wazo langu halikutupwa. Mwanasheria wa kamati, kijana mwembamba anayesema "kwa muktadha huo" hata akiomba sukari, aliandika kanuni: hakuna gari litakaloingia katika njia kabla ya uzinduzi, isipokuwa lililombeba Mgeni Rasmi. Tukapiga makofi.

Mhandisi akanyoosha mkono. "Njia ni ya mabasi. Gari dogo likipita, tutakuwa tumevunja sheria siku ya kuizindua."

"Kwa muktadha huo," akasema mwanasheria, akaongeza: na gari hilo liwe basi.

Kikao kikanyamaza kama watu waliosikia mtu akijamba msibani.

"Mheshimiwa," Mwenyekiti akanong'ona, "apande basi?"

Lakini chai ilikuwa imeingia, na kamati yetu haijawahi kupinga jambo chai ikiwa mezani. Kanuni ikapita. Ikapita na nyingine, kwamba utepe hautavukwa ila kwa kauli ya Mgeni Rasmi, na akishauvuka njia imezinduliwa, haizinduliwi tena. Zote zikapelekwa kwa Mkubwa, akatia sahihi upesi, kwa kuwa zilikuwa kurasa nyingi.

Wakati tukisubiri, kamati haikukaa bure. Tuliamua kuwaelimisha abiria faida za njia maalumu ya mabasi, na kwa kuwa abiria walikuwa wamekwama kando yake kila asubuhi, hawakuwa na pa kutukimbia. Tukashonewa fulana za kijani zenye kaulimbiu, "Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone." Mimi nikapewa kipaza sauti, nikawa napita katikati ya mabasi.

"Ndugu abiria! Njia maalumu ya mabasi inaokoa muda!"

"Bibi, iambie ituokoe na sisi!"

"Basi moja linabeba watu wa magari madogo arobaini!"

"Tumebebwa, bibi, ila hatujapelekwa!"

"Inapunguza moshi!"

"Kweli, moshi wote uko huku!"

Niliandika katika ripoti yangu kwamba uelewa wa wananchi umepanda.

Aliyekuwa mgumu kuelewa ni Kitinda. Jioni moja aliniangalia nikiipiga pasi fulana, akauliza, "Mama, hivi hiyo beji inafanya nini?"

"Inasubiri," nikamwambia.

"Basi iambie mimi sina tena cha kusubiria. Leo nimekuta mashine zinanguruma. Msimamizi hakunigombeza hata. Amesema tu, kesho ndiyo ya mwisho. Kesho nikizikuta zinazunguka, niache gauni la kazi kwenye msumari nirudi kwa mama yangu mjumbe."

"Kesho ni uzinduzi," nikasema. "Safari hii Mkubwa hakosi."

"Mama, uzinduzi ndio unaoleta foleni!"

Nikaendelea kupiga pasi. Maneno mengine yanahitaji kikao.

Asubuhi tukapanda basi pamoja, mimi nikielekea kwenye mahema na fulana yangu na kapu langu, yeye akielekea kwenye mashine. Foleni siku hiyo ilikuwa ya heshima. Kila mwalikwa, kila msaidizi wa mwalikwa, kila gari la kubeba viti vya wasaidizi wa waalikwa, wote walikuwa barabarani. Basi likasogea kama konokono mwenye mawazo, halafu likaacha kusogea. Tulisimama hasa karibu na kizuizi, mahali pa kuingilia njia ya mabasi, ambapo mlinzi wetu alikuwa amesimama chini ya picha kubwa ya Mgeni Rasmi. Mlinzi huyo mtaani humwita Filimbi. Picha ilikuwa nzuri, ya enzi za Mkubwa kuwa na nywele.

Kitinda alikuwa ameegemeza paji la uso kwenye kioo. Ile njia nyeupe ilikuwa pale pale chini ya macho yake, imefagiliwa, haina hata jani.

"Unaona, mama," akasema taratibu. "Ukiwa na njaa ukanyimwa, unavumilia. Lakini ukiwekewa sahani mbele ya pua?"

Nikageuza uso upande wa pili, maana moyo wa mama hauna kanuni. Na hapo nikaliona, limekwama ubavuni mwetu, gari refu jeusi lenye bendera. Kioo chake kikashuka. Ukatoka mkono wenye leso, mkono ukafuatwa na shingo, na shingo ikafuatwa na Mgeni Rasmi. Alikuwa akiongea na simu.

"Nipo njiani, Mwenyekiti. Nimeshavuka daraja. Ndiyo, nimelivuka."

Daraja lilikuwa mbele yetu, mbali. Lakini Mkubwa akisema amevuka, ni daraja ndilo lililochelewa.

Nikamwomba dereva afungue mlango, nikashuka. Mkubwa akaniona. Nilikuwa karibu kumwamkia shikamoo, nikakumbuka nimemzidi umri. Yeye naye alikuwa karibu kuniamkia mimi, akakumbuka cheo. Tukaishia kwenye habari za asubuhi.

"Mheshimiwa, mimi ni mjumbe wa kamati yako," nikasema, nikamwonyesha beji. "Kwa mujibu wa kanuni, njia ile inafunguka kwa basi lililokubeba wewe. Basi ni hili."

"Mimi? Nipande hilo?"

"Ni kwa mujibu wa kanuni."

"Kanuni gani hiyo ya kipuuzi? Nani ameipitisha?"

"Umetia sahihi wewe, Mheshimiwa."

Akatazama mbele, foleni. Akatazama nyuma, foleni. Akatazama juu, labda kule kuna njia. Kisha akatazama kulia na kushoto kama mtu anayetaka kula kwenye mfungo.

"Waandishi wa habari wako wapi?"

"Wote wako kwenye utepe, Mheshimiwa. Hapa kuna wananchi tu."

"Wananchi hawana neno," akasema. Akavua koti lenye ua kifuani, akalitupa kiti cha nyuma, akamwambia dereva wake, "Nifuate."

Dereva wake akaitazama foleni ile, akasema, "Sawa, mzee, nakufuata," akazima injini.

Nikaenda kumnong'oneza Filimbi. Naye akaja, akamchungulia Mkubwa mlangoni mwa basi, akaitazama picha, akamchungulia tena. Nywele zikamtatiza. Lakini beji yangu haikumtatiza. Akainua kizuizi, akapuliza filimbi, na dereva wetu, aliyekuwa amezoea kufukuzwa na filimbi ile, akabaki kuduwaa mpaka abiria walipompigia kelele.

"Bibi, umemwambia nini yule?" wakaniuliza.

"Mambo ya kamati," nikasema. Kwa itifaki, mjumbe hamtambulishi Mgeni Rasmi kabla ya mshereheshaji. Kwa hiyo sikumtambulisha.

Basi likaingia. Ee bwana wee! Lilikwenda kama maji kwenye mteremko. Upepo ukapita dirishani, watu wakashangilia, hata kabichi za mama mmoja muuza mboga zikaanza kubiringika kwenye ujia. Mkubwa alikuwa amesimama, hajui ashike wapi, anaelekea mbele, anaelekea nyuma. Nikamwachia nafasi kati yangu na mama muuza mboga, akajibana hapo. Mama muuza mboga akamwekea kabichi mbili mapajani. "Nishikie, baba, zisinikimbie."

Kondakta akafika. Ni kijana wa maneno, sauti yake hupanda basi kabla yake. "Karibu, mzee. Unashuka wapi?"

Mkubwa akamtazama kwa ukali. "Unanijua mimi ni nani?"

"Sijakuuliza wewe nani, mzee. Nimekuuliza unashuka wapi."

"Kituo cha Uwajibikaji na Ustawi."

Kondakta akageukia abiria. "Jamani, kuna anayekijua hicho?"

Hakuna aliyekijua. Ndivyo kamati ilivyovibatiza vituo, lakini majina yalikuwa hayajazinduliwa. Abiria walivijua kama Kwa Kinyozi, Kwa Mbwa Watatu, na Ukuta Ulioanguka.

"Pumzika kwanza, mzee," kondakta akasema kwa huruma. "Ukikumbuka unashuka wapi, utaniambia."

Mkubwa akatoa macho dirishani. Yale magari yalikuwa yakipita upande wa pili, au tuseme sisi tulikuwa tukiyapita, moja baada ya jingine, yamesimama kimya na watu wake ndani. Hayakwisha.

"Hawa wote," akauliza kwa sauti ndogo, "wanangoja nini?"

"Wanamngoja Mgeni Rasmi," Kitinda akajibu.

"Mgeni gani huyo asiyefika!" akadakia mama muuza mboga. "Kwetu mgeni akichelewa hivyo tunamla kuku wenyewe."

"Amelala huyo," kondakta akasema. "Ana kitanda cha serikali."

"Labda hajui kwamba yeye ni mgeni," akasema mwingine nyuma, "anadhani ni mwenye nyumba!"

Basi zima likacheka. Mkubwa naye akacheka kidogo, ili asionekane.

"Mimi sicheki," Kitinda akasema. Hakujua anaongea na nani, alikuwa anaongea tu na mzee mwenye kabichi. "Baba yangu, mimi leo nikichelewa sina kazi. Nafua mashuka hospitali. Watu wanajifungulia kwenye yale mashuka, watu wanakata roho kwenye yale mashuka. Njia imekwisha, rangi imekauka, basi lipo, dereva yupo. Eti anangojwa mtu mmoja aje na mkasi. Nyumbani kwangu kuna mikasi miwili!"

Mkubwa akaifuta kabichi kwa leso.

Tukavuka daraja, safari hii kweli. Mbele yakaonekana mahema, bendera, bendi, zulia jekundu. Na utepe, umefungwa kutoka upande hadi upande. Nyuma yake ndiyo paa la hospitali kuu. Dereva akakanyaga breki, pua ya basi ikasimama kiganja kimoja kutoka kwenye utepe. Bendi ilidhani ni ishara, ikaanza kupiga.

Mwenyekiti akaja mbio, mkononi ana mto, juu ya mto mkasi.

"Rudisha nyuma!" akapiga kelele. "Rudisha hili basi nyuma lilikotoka! Nani amewaruhusu? Mgeni Rasmi hajafika! Ndiyo kwanza amevuka daraja!"

Wapiga picha wote wakageuza kamera kututazama. Mkubwa alikuwa ameanza kuinuka. Akaziona kamera. Akajitazama: hana koti, shati limelowa, kabichi mikononi. Akalitazama zulia jekundu, mwisho wake ukiwa hasa kwenye mlango wa basi. Akakaa tena. Kisha akateremka kidogo kwenye kiti, na kidogo tena, mpaka uso wake ukawa nyuma ya kapu langu.

Nikaielewa shida yake. Alikuja kuzindua njia ya mabasi, angewezaje kuonekana akishuka kwenye basi?

"Bibi, wewe ni wa kamati," kondakta akaniita. "Turudi nyuma?"

Dereva alikuwa tayari ameshika gia. Kutoka hospitalini ikasikika kengele ya kuwaita wafuaji wasogee kwenye mashine, na Kitinda akaubana mkono wangu mpaka pete ikaniingia. Ningeweza kupiga yowe, ningeweza kusema huyu hapa, huyu hapa nyuma ya kapu. Lakini itifaki ni itifaki, na mtu aliyeinama huwezi kumtambulisha kwa heshima.

"Mimi ni mjumbe tu," nikamjibu kondakta, kwa sauti ya kusikika hadi nyuma ya kapu. "Kwa mujibu wa kanuni utepe unavukwa kwa kauli ya mtu mmoja, na akishauvuka njia imezinduliwa, haizinduliwi tena. Hebu muulize huyu mzee. Tangu apande hajakujibu."

Mwenyekiti alikuwa anapiga ubavu wa basi kwa kiganja. Bendi ilikuwa imefika kiitikio. Kondakta akainama chini, akalisogeza kapu kwa kidole kimoja.

"Mzee wangu. Bwana huyu anasema turudi. Dada huyu anawahi kazi. Tafadhali sana, kwa mara ya mwisho: unashuka wapi?"

Mkubwa akaikumbatia kabichi, akafumba macho.

"Mbele," akasema. "Nashuka mbele. Mwambie dereva akanyage."